Zamu Moja, Malori Mawili

Jumatatu, 9 Desemba 2013

Leo nimeanza kazi, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshaaibika mara mbili.

Yadi ya Mzee Othmani iko hapa Mpemba, kando ya barabara kuu. Malori yanayokwenda Zambia yanaingia humo kusubiri, kwa sababu kule mpakani foleni imejaa na trafiki hataki yasimame barabarani. Dereva akiingia anakwenda dirishani, anapewa karatasi yenye namba ya zamu. Zamu yake ikiitwa, anatoka kwenda Tunduma, mpakani. Kazi yote ya yadi ni hiyo zamu. Mama mdogo Recho, ninayekaa kwake, anawapikia madereva wali na maharage pale yadini, na ndiye aliyeniombea nafasi. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na matokeo bado.

Aibu ya kwanza: nilimwambia Barnaba, wa dirisha la pili, shikamoo. Akashika kidevu. "Mimi? Nimezeeka lini, dada?" Amenizidi miaka michache tu.

Aibu ya pili: dirisha la kwanza anakaa Mwasiti, ambaye yadi nzima inamwita Mama Raudha. Alinikalisha kwenye kiti chake akaniambia niite zamu inayofuata. Nikaita. Hakuna aliyegeuka. Nikaita tena. Dereva mmoja akauliza, "Huyo mtoto anaita au anasali?" Wakacheka wote. Mama Raudha hakucheka. Alisema, "Mwanangu, sauti yako inaishia kwenye meno. Usijali. Itatoka."

Mchana Mzee Othmani akaniuliza kama ni kweli shuleni tulifundishwa kompyuta. Nikatikisa kichwa kukubali. Amenihamishia chumba cha nyuma, kwenye kompyuta kubwa, ambako hakuna wa kumwita.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua kutwa. Tope la yadini limemeza kiatu changu cha kushoto. Nimekipata.

Jumamosi, 21 Desemba

Idrisa amefika kwa likizo. Ni mtoto wa Mzee Othmani, anasoma kompyuta chuo kikuu, na yeye ndiye aliyeandika programu ya zamu. Nilidhani atakuwa na maringo. Hana. Amekaa nami mchana kutwa akinionyesha mistari yake.

Programu yake haiendi kusoma diski kila dereva anapouliza. Alisema, "Ingekuwa hivyo, ni kama Mama Raudha kufungua kabati kwa kila swali. Madereva wangeota mizizi." Kwa hiyo orodha yote ya malori programu inaishika kichwani, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila baada ya saa kadhaa inaweka nakala kwenye diski ili umeme ukikatika tusipoteze kila kitu. Madirisha yote mawili yanasoma na kuandika orodha hiyo hiyo moja.

Nimeelewa. Nimefurahi sana kuelewa kitu. Ameniachia na kitabu, jalada lake limechanika.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi nimeila yadini. Mama Raudha amenipa pilau, japo sikukuu si yake. "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Ndivyo anavyoitikia kila asubuhi, siku zote kwa maneno hayo hayo.

Ijumaa, 3 Januari 2014

Idrisa amerudi chuoni. Amesema kukiwa na tatizo nimpigie. Nimeitikia ndiyo. Mimi huwa sipigi simu.

Jumatano, 8 Januari

Malori yameongezeka tangu mwaka mpya na programu imekuwa nzito. Dereva anasimama dirishani, mvua inampiga mgongoni, Mama Raudha anabonyeza, halafu kimya. Leo mmoja alimwambia, "Mama, mashine yako imelala na wewe umelala." Mama Raudha akamsogezea mwavuli wake kupitia dirishani.

Nimetafuta sababu nimeipata. Kuna mistari michache ya Idrisa inayosema dirisha moja likiwa linatumia orodha, lingine lisubiri. Alinieleza kwa mzaha kuwa ni kama mlango wa choo, aliye ndani anafunga. Sasa aliye ndani anakaa humo mpaka printa yake imalize kutoa karatasi, na printa zetu ni kongwe. Ndiyo maana wanasubiri.

Nimeitoa mistari hiyo. Sikumpigia Idrisa. Niliona ni jambo dogo.

Alhamisi, 9 Januari

Programu inakimbia! Karatasi zinatoka kabla dereva hajamaliza kusema jina. Mzee Othmani ameninunulia soda na mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye injinia wangu." Barnaba akapiga saluti. Mama Raudha akanishika shavu. Nilitazama chini muda wote, lakini nilikuwa ninacheka.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Hakuna jipya. Soda nyingine.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi malori mawili yalisogea langoni kwa pamoja, kila dereva akipunga karatasi yake. Karatasi zote mbili zilikuwa na zamu ileile.

Moja ilikuwa ya Watson, dereva Mzambia ambaye kila akipita hapa anamwamkia Mama Raudha kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," yaani hujambo, mama, na Mama Raudha anamjibu kwa Kiswahili. Karatasi yake ilitoka dirisha la Mama Raudha. Ya pili ilitoka kwa Barnaba.

"Awe!" Watson alisema, yaani hapana. "Mimi nimelala hapa tangu Jumamosi."

"Na mimi nimekuja kuangalia sinema?" akajibu mwenzake, akashuka kabisa kwenye gari.

Nyuma yao malori yakaanza honi. Mzee Othmani akatoka na kanzu yake akiikunja juu ya tope. Akauliza nani amempa mtu zamu isiyo yake.

"Mimi natoa inayosema mashine," alisema Mama Raudha.

"Mashine haina rafiki Nakonde," alisema Barnaba, akielekeza kidevu ng'ambo ya mpaka. Alikuwa anatania, nadhani. Lakini watu wote walitazama kitenge alichojitanda Mama Raudha, kwa sababu wote walimwona Watson akimletea kabla ya mwaka mpya. Aliona wanavyotazama. Hakukivua.

Jumatano, 22 Januari

Imetokea tena. Karatasi moja ya Mama Raudha, nyingine ya Barnaba. Na tena lori la Mama Raudha lilikuwa la Zambia. Lakini mengi yanayopita dirisha lake ni ya Zambia, kwa sababu anawavumilia lugha. Hilo hakuna aliyelisema. Hata mimi sikulisema.

Ijumaa, 24 Januari

Nimejua.

Nilikaa na ile mistari nikajifanya mimi ni dirisha. Dirisha la Mama Raudha linauliza orodha: zamu ya mwisho ni ipi? Linaambiwa. Kabla halijaandika yake, dirisha la Barnaba nalo linauliza: zamu ya mwisho ni ipi? Linaambiwa ileile, kwa kuwa mwenzake bado hajaandika. Kila moja linaongeza moja. Zinatoka karatasi mbili zenye namba moja. Haitokei kila mara. Inatokea tu wakibonyeza kwa pamoja kabisa, na siku hizi foleni ni ndefu, wote wawili wanabonyeza bila kupumzika.

Nilitoa mlango, na watu wawili wameingia chooni.

Nilikwenda mpaka ofisini kwa Mzee Othmani. Alikuwa anakula. "Ee, injinia! Karibu. Sema." Nikasimama. Nikasema, "Nilikuwa nauliza kama leo umeme utakatika." Akacheka akasema hilo aulizwe Mungu.

Nilirudi chumba cha nyuma nikafunga mlango. Nimeandika haya ili yawe yamesemwa mahali fulani. Najua hii si kusema.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeamua nitengeneze kimyakimya. Likitengemaa, hakutakuwa na la kusema.

Mlango wa Idrisa siwezi kuurudisha, kwa sababu uzito utarudi na wataniuliza kwa nini. Nimeweka milango miwili midogo yenye funguo mbili. Ufunguo mmoja ni wa orodha ya zamu. Mwingine ni wa orodha ya nafasi, yaani lori limeegeshwa wapi. Hivyo anayeshughulika na zamu hamzuii anayeshughulika na nafasi. Nimeona nimekuwa mjanja kuliko Idrisa.

Mama Raudha: "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nimesema salama.

Jumatano, 29 Januari

Hakuna zamu mbili jana wala leo. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilianza alfajiri kwa nguvu na mpakani wakafunga kwa muda, kwa hiyo malori yalikuja mengi kuliko siku zote. Yadi ikajaa, mengine yakabaki nje barabarani. Katikati ya msukumano huo, programu ikaganda. Haikuwa nzito kama zamani. Ilisimama kabisa. Mama Raudha akaita, "Mwanangu, huku hakuendi!" na Barnaba naye akaita hivyohivyo.

Niliitazama kompyuta. Haikuonyesha kosa lolote. Ilikuwa imetulia kama mtu anayesubiri.

Baadaye nimeelewa. Mama Raudha alikuwa anasajili lori jipya: programu ikachukua kwanza ufunguo wa zamu, halafu ikataka wa nafasi. Barnaba wakati huohuo alikuwa anahamisha lori: kwake ikachukua kwanza ufunguo wa nafasi, halafu ikataka wa zamu. Kila dirisha limeshika ufunguo mmoja na linasubiri wa mwenzake. Hakuna wa kuachia. Wangesubiri hivyo mpaka kiama.

Lakini pale pale sikuelewa. Honi zilikuwa zinalia, trafiki amesimama dirishani anafoka, nami nikafanya jambo moja tu nililolijua. Nikazima.

Ilipowaka, ikasoma nakala ya kwenye diski. Nakala ilikuwa ya alfajiri. Zamu zote zilizotolewa tangu hapo, orodha haikuzijua. Ikaanza kuzitoa upya. Mama Raudha akabonyeza, akatoa, akabonyeza, akatoa, na ndani ya muda mfupi yadi ilijaa madereva wenye karatasi za namba zinazofanana, wamesimama kwenye tope wanasukumana. Mmoja alimshika mwenzake shati. Kioo cha lori kikavunjwa.

Mzee Othmani alikuja dirishani. Hakuniangalia mimi. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mwasiti! Unauza zamu kwenye yadi yangu?"

Hakumwita Mama Raudha. Alimwita jina lake, kama binti mdogo.

"Mzee, wallahi..."

"Usiape. Chukua mkoba wako."

Barnaba alitazama meza. Mama Raudha akainuka, akakunja kitenge chake vizuri, pindo kwa pindo, akakitia mkobani. Akapita mlangoni kwangu. Nilikuwa nimesimama na mkono bado kwenye kompyuta. Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka ulifunguka.

Akasema, "Mwanangu, ukimaliza uizime taratibu. Usiizime ghafla, itaharibika." Akaondoka kwenye mvua.

Jumatatu, 3 Februari

Dirishani amekaa Yasmini, mpwa wa Mzee Othmani. Nimeitoa ile milango miwili na kurudisha mlango mmoja wa Idrisa. Uzito umerudi. Madereva sasa wanamtukana Yasmini. Yeye anawajibu.

Jumatano, 5 Februari

Mama mdogo Recho amesema Mama Raudha anauza vitumbua kwenye kona ya kwenda shuleni, na wanawake wa mtaani wanapita upande wa pili. "Sikumdhania," alisema mama mdogo. "Mtu mwenye heshima zake." Nilikuwa naosha sufuria. Nimeendelea kuosha.

Kwenda kazini kuna njia mbili. Napita ile isiyo na kona.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda nyumbani Mbozi Mission kumsaidia mama palizi. Kahawa zimependeza kwa mvua hii. Mama ameniuliza mbona nimekonda, nikasema kazi.

Jana alinituma mashineni kusaga. Kulikuwa na watu wengi, na kama kawaida kila mtu ameweka debe lake kwenye mstari kisha ameondoka kukaa kibarazani. Wengine walikuwa wanasuka, wengine wanachambua maharage. Madebe yalikuwa yanasubiri kwa niaba yao. Nani anamimina mahindi kwenye mashine? Sadoki peke yake, mweupe wa unga mpaka nyusi. Anachukua la mbele, anamimina, anasaga, anamwita mwenye debe, anachukua linalofuata. Hakuna anayegombana na mwenzake kwa sababu hakuna anayegusa mashine. Na hakuna anayehitaji ufunguo.

Nimeona jambo hili maisha yangu yote. Kanisani leo sikusikia mahubiri.

Jumanne, 11 Februari

Nimefuta milango yote. Nimefuta funguo zote.

Sasa madirisha hayagusi orodha kabisa. Dirisha linaandika ombi lake, linaliweka kwenye mstari, linasubiri kuitwa. Ndani ya programu nimeweka mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kuchukua ombi la mbele, kulitekeleza kwenye orodha, kurudisha jibu, na kuchukua linalofuata. Yeye peke yake ndiye mwenye orodha. Printa haimhusu, akishajibu, dirisha lenyewe litajua la kufanya na printa. Kwa hiyo hamsubirishi mtu. Na hata dirisha likiwa linatoa karatasi, yeye yuko kwa mwingine.

Na kwa kuwa ni yeye tu anayeandika, yeye tu anaweka nakala kwenye diski, kila baada ya ombi lililobadili kitu, kabla hajajibu. Nimejaribu kuzima ghafla mara nyingi. Hakuna zamu iliyopotea.

Programu imekuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Nimempa mtumishi jina Sadoki.

Ni kazi nzuri. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa hainipi raha yoyote.

Ijumaa, 14 Februari

Sadoki hachoki. Mvua.

Jumanne, 18 Februari

Hakuna zamu mbili.

Jumamosi, 22 Februari

Matokeo yametoka. Daraja la pili. Mama mdogo amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nimelia, wakadhani ni furaha.

Jumatatu, 24 Februari

Leo Mzee Othmani alikusanya wafanyakazi asubuhi ili anipongeze kwa matokeo. Akasema nitaendelea kulipwa mpaka nitakapokwenda kidato cha tano. Wakapiga makofi. Halafu akasema:

"Na mmeona wenyewe. Tangu yule mama aondoke, mmewahi kusikia zamu mbili? Hata moja? Mambo yamenyooka. Mchele ulikuwa na jiwe, jiwe limetoka."

"Kweli kabisa," alisema Barnaba, taratibu, kama mtu ambaye alikuwa na mashaka na sasa yamekwisha.

Sikuwa nimeliona hili linakuja. Nilidhani nikitengeneza nitakuwa nimefuta. Kumbe kila siku Sadoki anapofanya kazi vizuri, anatoa ushahidi dhidi ya Mama Raudha. Nimemfunga mimi mwenyewe, kwa kazi yangu iliyo nzuri kuliko zote.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua. Sikusema.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Sikusema.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipita njia ya kona kwa makusudi. Alikuwa ameinama kwenye jiko. Nikasema, "Shikamoo, Mama Raudha." Akainua kichwa haraka, akatabasamu. "Marahaba mwanangu, umeamkaje? Nimesikia umefaulu! Chukua kitumbua, chukua viwili." Binti yake Raudha, mwenye sare ya shule, alikuwa anatazama upande mwingine, kama nilivyozoea kutazama mimi.

Nimevichukua. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Watson amerudi. Alikwenda moja kwa moja dirisha la kwanza, akamkuta Yasmini.

"Bamayo yuko wapi?"

"Kafukuzwa. Alikuwa anauza zamu," alisema Yasmini.

"Nani kanunua?"

"Wewe! Si ulimpa kitenge?"

Watson akashika vyuma vya dirisha. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi, mwezi wa kumi, malaria hapa ndani ya gari. Yeye kaleta uji. Kila siku. Kitenge ni ya uji." Kisha akasema tena, kwa sauti ya juu, kwa madereva walio nyuma yake, ingawa hakuna aliyemuuliza: "Ni ya uji!"

Mgeni amemsemea, kwa lugha isiyo yake. Mimi lugha ninayo.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Nilijijua kwamba nikienda kwa mdomo mtupu nitauliza tena habari za umeme. Kwa hiyo asubuhi, kabla yadi haijafunguliwa, nilimweka Sadoki pembeni nikarudisha ile programu ya Januari, ile niliyoitoa mlango, pamoja na orodha ya mfano ya malori yasiyokuwapo. Nikamwomba Mzee Othmani akae dirisha la kwanza na Barnaba la pili. Sauti yangu iliishia kwenye meno, lakini walikuwa karibu wakasikia.

"Bonyezeni pamoja," nikasema. "Nikihesabu."

Wakabonyeza. Karatasi mbili, namba mbili tofauti.

"Eh," alisema Mzee Othmani.

Tena. Tofauti. Tena. Tofauti. Barnaba akaanza kucheka. "Injinia, hii ndiyo michezo ya daraja la pili?" Mzee Othmani akatazama saa. Januari nilikuwa naomba kosa hili lisitokee, na leo nilikuwa naomba litokee na halikutaka. Nikawaambia wasisubiri kuhesabiwa, wabonyeze mfululizo kama siku ya foleni. Wakabonyeza. Printa zikalia. Karatasi zikaanguka sakafuni. Nikapiga magoti nikazikusanya, nikizipanga mbilimbili, mpaka nikazipata.

Nikamwekea Mzee Othmani mezani. Zamu moja, karatasi mbili. Moja ya dirisha lake, moja ya Barnaba.

Akazitazama muda mrefu. "Nani kakununua, Mzee?" Barnaba aliuliza, kisha akajisikia alichosema, akafunika mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Niliondoa mistari ya Idrisa mwezi wa kwanza. Ilikuwa inazuia hili. Nilijua wiki mbili baadaye. Siku mliyomfukuza, nilikuwa ninajua. Zile za siku ile zilitokana na mimi kuzima. Na zimekoma kwa sababu nimemweka Sadoki, wala si kwa sababu Mama Raudha ameondoka."

"Sadoki ndiye nani tena?" Mzee Othmani alifoka. "Nimeajiri watu wangapi humu?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye madebe ya mashineni, alifumba macho. Nilisubiri anifukuze. Alisema tu, polepole, "Nilimwita jina lake mbele ya madereva." Halafu akainuka kutafuta viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Jana hiyohiyo tulikwenda kwenye kona, Mzee Othmani mbele mimi nyuma. Safari hii alimwita kwa heshima, Mama Raudha. Akasema ameonewa na arudi kazini. Mama Raudha alisikiliza mpaka mwisho huku anageuza vitumbua. Kisha akaniangalia.

"Wewe ulijua?"

"Ndiyo."

"Nilipokupa vitumbua?"

"Ndiyo."

Akarudi kwenye jiko. Alimwambia Mzee Othmani, "Ulinifukuza dirishani, watu wanasikia. Hapa kwenye kona hakuna wa kusikia. Mkanisafishe palepale mliponichafulia. Wewe useme lako. Na huyu aseme lake, kwa sauti."

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ilikatika asubuhi na yadi ilikuwa imejaa. Mama Raudha alisimama nje, kati ya madereva, amejitanda kitenge. Raudha alikuwa naye, hakwenda shule. Mzee Othmani alisema yake dirishani, kwa maneno machache, na mwisho akamwita "Mama Raudha" mara mbili.

Nikakaa kwenye kiti. Nikaanza, na mtu wa nyuma akapaza, "Hatusikii!"

Nikasimama juu ya kiti. Nikashika vyuma. Nikasema jina langu, Aida, na kwamba zamu mbili zilitoka kwenye kosa langu kwenye kompyuta, na kwamba Mama Raudha hakuuza zamu hata moja, na kwamba nilijua nikanyamaza. Sikujua kuwa nina sauti hiyo. Ilinitisha. Mama mdogo Recho alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama anasikiliza, kisha akarudi ndani bila kunitazama.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Jumanne, 18 Machi

Mama Raudha amerudi dirishani kwake. Idrisa amepiga simu. Baba yake amemsimulia. Amesema Sadoki ni kazi safi kuliko yake, na kwamba ningempigia siku ile ya kwanza angenijibu kwa dakika moja. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 21 Machi

"Shikamoo, Mama Raudha." Kimya. Alikuwa anahesabu karatasi.

Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo. Kimya.

Jumatano, 26 Machi

Shikamoo. Kimya. Barnaba ameona. Ameniachia andazi mezani bila kusema neno.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua inaelekea kwisha. Tope la yadini limeanza kushika nyayo. Mchana Mama Raudha alipaliwa na chai, akakohoa mpaka machozi, na nje kulikuwa na mstari. Akaniashiria kwa mkono. Nikaja. Nikaita zamu inayofuata, na dereva wa mwisho kabisa, kule langoni, akageuka.

Aliporudi kwenye kiti chake nilimpisha. Nikasema, ingawa ilikuwa mchana na tulikuwa pamoja tangu asubuhi, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Mama Raudha.

Hilo tu. Nilisubiri maneno mengine mawili, hayakuja. Nikarudi chumba cha nyuma, nikaacha mlango wazi.